Ugali wa Kupimia Injini

Mwezi uliopita nilikwenda Buhongwa kutafuta bomba la maji, nikapita kwenye gereji moja ya bodaboda. Sikuwa na shida pale. Ni mazoea tu. Mtu aliyeshika spana miaka mingi hapiti mbele ya injini iliyofunguliwa bila kuchungulia. Vijana wa pale walikuwa wameinamia krenki mpya, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, bado ina mafuta ya kiwandani.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mnaunga nini hapo?”

“Tunaiongezea nguvu. Hii krenki ni ya mwendo mrefu, tumeagiza kwa simu. Ikiingia hii, pikipiki inapanda cc.”

“Mmepima juu na chini?”

Mmoja akacheka kwa adabu. “Mzee, hizi zinakuja zimeshapimwa.”

Inawezekana ni kweli. Sitaki kuwa mzee wa kusema kila cha leo ni kibovu, maana vifaa vyenu vingi ni bora kuliko vyetu. Lakini nilirudi nyumbani na lile jibu likanisumbua, ndiyo sababu naandika. Shule yangu iliishia darasa la saba kule Ukerewe, kwa hiyo mtanisamehe mpangilio. Nina mazoea ya kuandika kidogo kila jioni, ila zamani niliandika mvua imenyesha au nani amefariki. Mambo ya kazi niliyaacha kichwani, na kichwa nacho kinavuja. Nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Kwanza tuelewane kinachoongezwa. Chukua pampu ya baiskeli. Ukitaka isukume upepo mwingi kwa mkupuo mmoja, ama uifanye nene, ama uifanye ndefu. Injini ni hivyo hivyo. Kuinenepesha kila mtu anajua: unachonga silinda, unaweka pistoni kubwa. Kuirefusha ni kuifanya pistoni isafiri zaidi, na pistoni inasafiri kadiri pini ya konrodi, ule mkono unaoiunganisha na krenki, ilivyo mbali na katikati ya krenki. Sogeza pini nje milimita tatu, pistoni itapanda tatu zaidi na kushuka tatu zaidi. Wengi husahau ile nusu ya chini, kwa sababu juu ndiko kwenye moto na kelele. Chini ni giza na oili.

Aliyenifundisha haya ni fundi Masanja, Msukuma wa Misungwi, mwenye gereji Mirongo, jirani kabisa na mto. Alikuwa mfupi, maneno machache, na kiburi cha kazi kilichojaa gereji nzima. Kiburi hicho sikuwahi kukiona kikimdhulumu mteja, lazima niseme. Kabla ya kufungua injini yoyote alichukua kipande cha boksi, akachora umbo lake kwa mkaa, na kila boliti iliyotoka akaichomeka mahali pake kwenye mchoro. Boliti ndefu haikuwahi kuingia kwenye tundu la fupi. Ninyi leo mnazimwaga zote kwenye bakuli moja halafu mnashangaa kesi, yaani ganda la injini, imepasuka. Boksi ni bure, jamani.

Miaka ile ya tisini ilikuwa ya ajabu kwa sisi mafundi. Biashara ilikuwa imefunguliwa. Spea tulizokuwa tunazisubiri kwa vibali zikaanza kuonekana madukani, nyingine nzuri, nyingine sura tu. Viwanda vya samaki vikaota kando ya ziwa, na kila mwenye chombo cha kubeba akataka kubeba sangara au kitu cha sangara. Upande wa pili vinu vya pamba vilikuwa vinasimama kimoja kimoja, na wakereza vyuma waliokuwa wanaheshimika mtaani wakajikuta wanakaa barazani mchana. Wapo waliosema nchi inaamka, wapo waliosema inauzwa. Mimi niliwahudumia wote, na wote walikuwa na pikipiki mbovu.

Mmoja wao alikuwa Mama Magesa. Huyu alikuwa Mjita, wametokea upande wa Musoma yeye na mumewe mvuvi. Mume akaumia mgongo, hakuweza tena kuvuta nyavu, na Mama Magesa akachukua pikipiki ya nyumbani akaanza kupeleka barafu mwaloni, pale ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki. Mwanamke juu ya pikipiki siku hizo watu walisimama kumtazama. Yeye aliwapigia honi.

Pikipiki ilikuwa ya Kijapani, cc mia moja ishirini na tano, zile injini ambazo valvu zake zinasukumwa na vijiti kutoka chini. Nyuma alifunga kitoroli cha magurudumu mawili chenye sanduku la mbao la kuta mbili, katikati ya kuta kumeshindiliwa maranda. Alipakia mapande ya barafu mjini asubuhi, akapita Buhongwa, akafika Usagara, akakata barabara ya vumbi hadi mwalo mmoja upande wa Misungwi. Sangara wa mwalo ule wote walilazwa kwenye barafu yake. Ikichelewa, jua linamla samaki, na wakala wa kiwanda akibonyeza nyama kwa kidole anamtupa pembeni.

Shida ilikuwa mwinuko mmoja wa changarawe kabla ya mwalo. Pale injini ilikata pumzi. Chini ya mwinuko walikuwa wanakaa vijana kazi yao kusukuma, na ujira wao bonge la barafu kwa kila mmoja. Wakiwepo, alipita. Wakiwa wamekwenda kuvua, alisimama pale anasikiliza maji yakidondoka kutoka kwenye sanduku lake.

Siku aliyokuja gereji alizima pikipiki mlangoni, hakukaa.

“Fundi, wakala amenipa kikomo. Nikichelewa tena, mwalo anampa mwenye pickup. Amesema mwisho ni mnada ujao wa kijiji cha kule mwaloni.”

“Si akupe wewe hiyo pickup,” alisema Masanja bila kuinua kichwa.

“Ningekuwa na pickup ningekuja kwako kufanya nini? Kunusa mto?”

Masanja akainua kichwa. Nadhani kuanzia hapo alimpenda kama mteja, ingawa hakusema.

Akaanza na rahisi, kama fundi mwema anavyotakiwa. Akauliza spoketi. Mama Magesa alikuwa ameshaweka spoketi kubwa ya nyuma. Mlima ulipandika kidogo, lakini kwenye lami baiskeli zilimpita na barafu iliisha njiani. Akauliza silinda. Silinda ilikuwa imeshachongwa hadi saizi ya mwisho, ukuta umebaki mwembamba kama kopo. Kuinenepesha hakuna.

“Imebaki kuirefusha,” alisema Masanja.

“Umewahi kurefusha?”

“Nimeona ikifanywa.”

“Kuona siyo kufanya, fundi.”

“Ndiyo maana nimekwambia nimeona.”

Mama Magesa akamkabidhi ufunguo. Watu huuliza kwa nini alituamini. Sijui. Labda ni kwa sababu hakudanganywa.

Krenki tuliipeleka kwa mzee Kamugisha, Mhaya mmoja mkereza vyuma wa kinu cha pamba kilichokuwa kimesimama. Msimamizi alimruhusu kuendesha mashine ya kukereza kwa kazi ndogo za watu ili isishike kutu. Mzee alivaa koti la kazi lililopigwa pasi, ingawa kinu kilikuwa hakichambui chochote. Akasikiliza maelezo ya Masanja mpaka mwisho.

“Waitu, mnataka nihamishe tundu,” alisema. “Tundu halihami, bwana mdogo. Linazibwa, linatobolewa jingine.”

Ndivyo alivyofanya. Krenki ile ina sahani mbili nzito za chuma, na pini ya konrodi imeshindiliwa katikati yake. Alizitenganisha, akaziba matundu ya pini kwa chuma, akachomea, kisha akazifunga sahani mbili pamoja na kuzitoboa kwa mpigo mmoja, milimita tatu nje ya pale pa zamani. Hapo pana somo, lishikeni: zitobolewe zikiwa zimefungwa pamoja. Ukitoboa moja leo na nyingine kesho, matundu hayataangaliana hata kama mkono wako ni wa malaika, na krenki itayumba.

Walibishana jambo moja. Mzee Kamugisha alitaka kutoboa vitundu upande wa pini ili kupunguza uzito, maana ukiisogeza pini nje mtikisiko unaongezeka. Masanja akakataa, akihofia sahani zitakosa nguvu. Nani alikuwa sahihi hadi leo siwezi kuamua. Krenki haikuvunjika, hilo ni la Masanja. Pikipiki nayo ilitetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni ng'ombe mmoja akaonekana wawili, na hilo ni la mzee.

Turudi gereji. Nilipewa kazi ya kuunga. Nikafurahi sana kuona pistoni inavyopanda, nikaita, “Fundi, juu iko vizuri.”

“Chini umeuliza?”

Sikuwa nimeuliza. Nikazungusha taratibu kwa mkono, na pistoni iliposhuka kabisa, sketi yake, yaani ukingo wake wa chini, ikagonga sahani za krenki. Nikaichonga kwa tupa. Nikazungusha tena, konrodi ikakwaruza ukuta wa kesi. Masanja mwenyewe akauchonga ukuta kwa patasi ndogo, kidogo kidogo, amejaza matambara ndani ili unga wa alumini usibaki. Ukisikia injini iliyorefushwa imekufa ndani ya wiki, mara nyingi haikufia juu. Ilifia kule ambako hakuna aliyeuliza.

Baada ya chini, ndipo juu. Pistoni sasa inapanda milimita tatu zaidi, kwa hiyo ukiiacha hivyo inagonga hedi, kile kifuniko cha juu chenye valvu. Dawa yake ni kuinua silinda nzima kwa kuweka bamba la alumini chini yake. Silinda ikiinuka, vijiti vya valvu vinakuwa vifupi, kwa hiyo mzee Kamugisha alivivisha vikofia vya chuma kichwani. Bamba la milimita tatu lingetosha na kuwa salama. Masanja akataka liwe jembamba kidogo, mafuta na hewa vibanwe zaidi, nguvu iongezeke. Hesabu yake haikuwa mbaya. Mwinuko ule ulikuwa unadai kila tone. Ila ukikata bamba jembamba lazima ujue kwa hakika nafasi iliyobaki kati ya pistoni na valvu pale juu, na pale hakuna jicho linaloingia.

Unapima kwa kitu laini. Unaweka bonge juu ya pistoni, unafunga hedi, unazungusha injini kwa mkono, unafungua. Lile bonge limebonyezwa. Unene wa pale lilipo jembamba zaidi ndiyo nafasi yako. Nasikia kwingine hutumia udongo wa rangi wa kuchezea watoto. Sisi hatukuujua. Udongo wa mfinyanzi una mchanga, unakwaruza. Mirongo tulitumia ugali.

Mnacheka. Chekeni, lakini ugali ni laini, hauna mchanga ukiwa wa mpishi safi, na ukibaki kipande ndani unaungua na kutoka na moshi. Masanja alitumia ugali kabla mimi sijamjua.

Siku ile tulichukua ugali wa mahindi uliobaki kwenye sahani ya mchana. Ulikuwa umekaa, juu umeanza kushika ganda. Akauweka juu ya pistoni, chini ya silinda tumeweka bamba la majaribio la milimita tatu. Akaniambia nifunge hedi.

“Nizikaze boliti?”

“Shika kwa vidole tu, tunafungua sasa hivi.”

Nikashika kwa vidole. Tukazungusha, tukafungua, tukaukata ugali kwa wembe, tukapima. Nafasi ilikuwa ya kutosha, na kuzidi. Masanja akatabasamu, jambo la nadra. Nikakata bamba jembamba, tukafunga kila kitu, nikapiga kiki.

Iliwaka. Sauti ilikuwa nzito, ya kiume, mpaka jirani muuza mitumba akatoka kutazama. Nikavuta mafuta kidogo. Na ndani ya ile sauti nzito kukawa na nyingine ndogo, tik, tik, tik, kama mtu anagonga kikombe kwa kijiko.

Masanja akaweka ncha ya bisibisi kwenye hedi na mpini wake sikioni. Alisikiliza kidogo tu.

“Zima.”

Tulipofungua, kichwa cha pistoni kilikuwa na alama ya mwezi mwandamo, mahali valvu ilipokuwa ikiibusu kila mzunguko. Valvu yenyewe ilikuwa imepinda. Mnada ulikuwa karibu, na valvu ya injini ile haikuwa ya kuokota.

Mama Magesa akafika wakati huo huo. Nilitaka nimtolee kigoda, yeye akainama moja kwa moja juu ya benchi, akaona vipande vya ugali karibu na pistoni.

“Hiki ndicho mlichopimia?”

“Ndicho,” alisema Masanja.

Akakibonyeza kwa kidole gumba. Hakikubonyea, kilipasuka.

“Huu mtu anaula au anajengea?”

“Ugali wa mahindi umelea watu, Mama Magesa.”

“Umelea watu. Haujalea injini.” Akaweka kile kipande chini. “Ninyi Wasukuma mnasonga ugali kama mnafunga mzigo. Kitu kigumu hivi kimeinua kifuniko chenu, mkapima uongo. Kesho nitaleta wa muhogo.”

“Muhogo unanata. Ukifungua unavutika na valvu, kipimo kinaharibika.”

“Umewahi kuutumia?”

“Sijawahi.”

“Basi umeuona tu ukiliwa.”

Nilijifanya natafuta spana chini ya benchi, nisionekane ninacheka. Masanja alinunua valvu jioni ile kwa kuzunguka mji mzima, wala hakumwambia mteja alihangaika vipi. Hilo nalo liandikwe.

Asubuhi Mama Magesa alikuja na bakuli limefungwa kitambaa, ugali wa muhogo bado una joto. Masanja akanawa mikono kama anayekwenda kula. Akauweka. Safari hii sikuuliza, nikazikaza boliti za hedi kisawasawa. Tukazungusha. Tukafungua. Ugali ukanyanyuka pamoja na valvu, ukavutika kama ulimbo, umbo lote likapotea.

Masanja alimtazama tu Mama Magesa, na kule kumtazama kulitosha. Mama naye akautazama ugali wake.

“Unanata,” alikiri.

“Nilisema.”

“Ulisema.”

Mimi nadhani wangeweza kukaa hivyo mpaka mnada upite. Kisha Masanja akachovya kidole kwenye kopo la oili, akazipaka valvu uso wote, akapaka na pistoni juu. Akanyoosha mkono bila kumwangalia. “Lete mwingine.”

Safari ile hedi ilitoka safi, na juu ya pistoni ulibaki ugali wenye alama za valvu zilizokaa kama muhuri. Masanja aliukata polepole. Pale pembamba palikuwa na unene wa karatasi chache tu. Ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya kweli, na chuma kikipata moto kinavimba, hiyo inaisha yote.

Mzee Kamugisha akakereza bamba jingine, nene kuliko la kwanza. Nguvu kidogo tuliiacha. Tulipima tena kwa muhogo na oili, ikawa sawa.

Sasa nisije nikawadhulumu watu. Mama Magesa aliamini mpaka mwisho kwamba kosa lilikuwa la ugali wa mahindi, kwamba ule ugumu uliinua hedi. Lakini hedi ilikuwa imeshikwa kwa vidole. Ningeikaza siku ile ya kwanza, pengine hata ugali mgumu ungebonyea. Nilimwambia Masanja hivyo hivyo, mbele ya watu.

“Boliti hazikukazwa, fundi.”

“Mimi ndiye niliyesema usikaze,” alijibu, akaendelea na kazi.

Baadaye niliwahi kupima kwa ugali wa mahindi wa moto, uliokandwa vizuri, boliti zimekazwa, na ulipima sawa kabisa na muhogo. Kwa hiyo mahindi si mkosaji peke yake. Ila ukiniuliza mimi naweka nini, naweka muhogo.

Gereji yetu ilikuwa na desturi: aliyefunga hedi ndiye anayekwenda na mteja safari ya kwanza. Kwa sababu hiyo, siku ya mnada nilikuwa juu ya sanduku la barafu, nimeshikilia kamba, suruali imelowa nyuma, tunapita Buhongwa. Mama Magesa alikuwa amerudisha spoketi ndogo. Kwenye lami tulikwenda vizuri. Mtetemo ulikuwa mwingi, alinigeukia akasema kwa sauti ya kushinda injini, “Barafu itafika imeshasagwa.” Usagara tukakata kwenye vumbi. Nilikuwa nasikiliza ile tik kwa mwili mzima. Kila jiwe lililogonga kitoroli nililisikia kama valvu.

Vijana wa kusukuma walikuwepo. Walisimama walipotuona, wakatemea viganja, wakajipanga pande mbili kama kawaida. Mama Magesa hakusimama. Aliweka gia ndogo, akaongeza mafuta, akaingia kwenye changarawe.

Injini ilishuka sauti. Ikashuka tena, nami nikafika mahali pa kuruka chini, mguu mmoja umeshatoka. Pale ndipo siku zote ilipokuwa inakufa. Haikufa. Iliendelea na ile sauti yake nzito, pigo moja moja, unaweza kuyahesabu, kila pigo linavuta kidogo. Wale vijana walikuwa wanatembea pembeni yetu, mikono yao iko juu ya sanduku kwa mazoea, hawasukumi.

“Mama, leo hututaki?” mmoja aliuliza.

“Leo shikeni tu.”

Wakashika tu, mpaka juu. Kule kileleni Mama Magesa alisimama lakini hakuzima. Akaniambia nifungue sanduku, nimpe kila kijana bonge lake. Nikatoa. Wakapokea wanatazamana, na mmoja, mkubwa wao, akaliangalia lile bonge lake kwa muda kabla hajaondoka. Nimemfikiria mara nyingi. Tulichokifanya Mirongo kilimwokolea mtu mmoja mwalo wake na kuwaondolea wengine kazi ya asubuhi, na sikuwa nimelifikiria hilo wakati nachonga bamba.

Mwaloni wakala alifungua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akautoa umekufa ganzi kwa baridi. Mwenye pickup alikuwepo pia, ameegemea mlango. Wakala akajifuta mkono kwenye suruali.

“Haya, mama. Endelea.”

Ndivyo tu. Hakukuwa na zaidi.

Sitawadanganya kwamba injini ile iliishinda pickup. Mama Magesa alishika mwalo ule misimu kadhaa, akasomesha, akamtibu mumewe. Baadaye yakaja magari ya barafu ya viwanda vyenyewe, na hapo hapakuwa na krenki ya kusaidia. Akahamia kwenye dagaa, wasiotaka barafu. Alipoamua kuiuza pikipiki alituletea kwanza tuikague, asimuuzie mtu ugonjwa.

Vijana wa Buhongwa, kama mmefika hapa, mnachohitaji ni hiki: krenki yenu huenda imepimwa huko inakotoka, lakini haijapimwa ndani ya injini yenu, yenye hedi yenu iliyochongwa na paking yenu ya dukani. Zungusheni kwa mkono. Ulizeni chini kwanza. Juu wekeni ugali laini, pakeni oili, kazeni boliti kama mnafunga moja kwa moja. Fundi atakayewaambia kuna kitu bora kuliko ugali, msikilizeni, huenda kipo.

Siku ile ya kuikagua, Masanja macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo mimi ndiye niliyefungua. Boliti zilitoka moja moja kwenda kwenye boksi lenye mchoro. Mama Magesa alikuwa amekaa mlangoni anamenya chungwa. Nilinyanyua hedi, nikafuta masizi kwa kitambaa. Ile alama ya mwezi mwandamo ya siku ya kwanza ilikuwepo, hafifu, imezeeka. Nyingine haikuwepo.

“Hakuna alama mpya, fundi.”

Masanja akasogea, akapitisha kidole juu ya pistoni, taratibu, kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine. Akarudia.

“Ule muhogo ulipikwa vizuri,” alisema, chini chini.

“Umesemaje?” Mama Magesa aliuliza kutoka mlangoni.

“Nimesema pistoni ni nzima.”

Mimi nilikuwa karibu naye, na nimeandika nilivyosikia.